Sahani, mbuzi na kidaka kitupu: Safari ya kupiga picha vyombo vya Lamu

WATU wengi wa mjini wakiulizwa wameziweka wapi kumbukumbu za jamaa zao, watakuonyesha albamu. Siku hizi wengine watakuonyesha simu. Humo mna nyuso: babu amevaa koti, shangazi siku ya harusi, watoto wamepangwa mstari mbele ya keki. Ni jambo jema. Lakini muulize mwenye albamu yule babu alikuwa akilia chombo gani, alishika nini mkononi alipotoka nyumbani asubuhi, na bibi alimpikia kwa nini. Utamwona akikuna kichwa. Uso pekee hausimulii mambo hayo.

Isitoshe, picha nyingi za zamani zilipigwa studioni. Mtu alivaa nguo nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, akasimamishwa mbele ya pazia lililochorwa maua au ndege, akapewa redio au simu ya mezani aishike. Redio ile ilikuwa ya mpiga picha. Baada ya dakika tano ilishikwa na mtu mwingine.

Kuna picha za namna nyingine ambazo familia zetu hazijazizoea. Ni picha za vitu vilivyotulia: kinu, birika, kiti kilichopinda mguu, taa ya mafuta. Hamna mtu ndani yake. Kinachoonekana ni kitu alichokishika mtu kila siku kwa miaka arobaini, na alama alizokiachia. Nimeamini kwamba picha kama hizo zaweza kueleza ukoo wa mtu kuliko albamu nzima ya nyuso, ila kwa sharti moja: awepo mtu wa kuzisemea. Somo hilo tulilipata mimi, mke wangu na watoto wetu wawili katika safari ya kwenda Lamu, likizo ya shule iliyopita.

Safari yenyewe ilikuwa na sababu. Bibi yake mke wangu, mama mzaa mama, amepita umri wa miaka themanini na ngazi za nyumba ya gorofa zimeanza kumshinda. Jamaa walikubaliana kwamba ahamie Mombasa kwa bintiye. Nyumba itapangishwa. Vyombo vyake vitagawanywa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshikilia kwamba ugawaji ufanyike akiwa hai. Alituma ujumbe kwa Kiamu chake kitamu: "Zombo hizi nizigawe mwenyewe, ningali na ulimi."

NYUMBA ZISIZO NA WENYEWE

Tulitoka Nairobi kwa gari moshi la reli mpya, ile iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, tukalala Mombasa, na asubuhi tukashika barabara ya kaskazini. Kilomita 15 hivi kabla ya kufika Malindi tuliteremka Gede ili watoto wanyooshe miguu na waone magofu.

Msomaji ambaye hajafika Gede na afanye hima. Ni mji mzima wa mawe uliomezwa na msitu. Mibuyu imeota mahali palipokuwa na watu, mizizi imekumbatia kuta, na kima wanaruka juu ya msikiti ambao mihrabu yake ingali imesimama. Mji huu ulikuwa na jumba la mtawala, visima, vyoo na mitaro ya maji. Uliachwa na wakazi wake katika karne ya 17. Mwaka 1948 James Kirkman alianza kuuchimbua, na mwaka 2024 shirika la UNESCO liliutia katika orodha ya turathi za dunia.

Binti yetu, ambaye yuko sekondari, alisimama mbele ya kibao kimoja akatuita. Kibao kilitaja jina la nyumba: Nyumba ya Mkasi. Mbele kidogo palikuwa na Nyumba ya Bakuli la Kauri. Kisha Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Sarafu ya Uchina na Nyumba ya Ushanga wa Venice.

"Kwa nini zimeitwa hivyo?" aliuliza mdogo wake.

Jibu lake ni fupi na la huzuni. Wachimbuaji hawakujua nyumba hizo zilikuwa za nani. Hapakuwa na mtu wa kuwaambia. Kwa hiyo kila nyumba waliipa jina la kitu walichokikuta ndani. Kaburi moja pale Gede lina tarehe iliyochongwa, nayo ni mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Lakini nani alishika ule mkasi? Alikuwa mshonaji au kinyozi? Ile taa iliwashwa usiku wa mwisho na nani, naye alikwenda wapi? Mkasi umebaki, habari zake zimepotea. Familia nzima, na harusi zake na matanga yake, imekuwa mkasi.

Tulirudi barabarani kimya. Sikuwahubiria watoto neno lolote. Gede ilikuwa imekwisha kusema.

KUVUKA KWENDA AMU

Kutoka Malindi basi hupita Garsen na Witu hadi gati la Mokowe. Njia hiyo, ambayo wazee wetu waliijua kwa mchanga na matope, sasa ina lami. Ukifika Mokowe bara imekwisha. Unashuka na mizigo, unaingia mashuani, na baada ya mwendo mfupi wa maji unauona mji umejipanga ufuoni kwa nyumba zake nyeupe.

Mji wa kale wa Lamu uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2001, lakini sifa zake zilitangulia orodha hiyo kwa karne nyingi. Nyuma ya gati ipo ngome iliyojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821. Nyuma ya ngome vimeanza vichochoro ambamo watu wawili wakikutana na punda mwenye mzigo, watu ndio wanaopisha. Punda wangali ndio malori ya mji huu: hubeba mchanga, mawe, mikungu ya ndizi na hata magodoro ya wanaohama.

Nyumba ya Bibi iko ndani ndani, mbali na pwani. Imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake ni ya boriti za mikoko. Vyumba ni virefu lakini vyembamba. Mwanangu alidhani mjenzi alibana matumizi. La hasha! Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, kwa kuwa ndizo zinazobeba sakafu ya juu. Mti uliotoka katika mikoko ya visiwa hivi ndio uliokuwa futi ya fundi.

Tulipoingia tuliubusu mkono wa Bibi, akatuitikia marahaba mmoja mmoja, akatuambia, "Ndooni mukae." Mjomba, mwanawe wa tatu, ambaye ni mwalimu mstaafu, alikuwa amefika kutoka Malindi tangu jana yake. Mashangazi wawili walikuwa jikoni. Kahawa na visheti vikaletwa.

UKUTA ULIO ALBAMU

Chumba cha ndani kabisa katika nyumba za kale za Lamu huwa na ukuta uliojaa vidaka, au zidaka kama wasemavyo Waamu. Hivi ni vijumba vidogo vilivyokatwa katika plasta, safu juu ya safu, vikiwa na nakshi pembeni. Ndani yake ziliwekwa sahani na mabakuli ya kauri kutoka Uchina, na baadaye kutoka Ulaya, pamoja na vitabu na marashi. Hakuna aliyekula katika vyombo hivyo kila siku. Viliwekwa vitazamwe. Vilisema nyumba hii imefanya biashara na nani na imeoza mabinti wangapi.

Nikiutazama ukuta ule niliwaza kwamba watu wa pwani walijua kupanga vitu vilivyotulia ndani ya fremu kabla kamera haijabuniwa. Na kamera yenyewe ilipobuniwa, ilianza na mambo hayo hayo. Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha ya vinyago na chupa kando ya dirisha mwaka 1837. Mwingereza William Henry Fox Talbot, katika kitabu chake The Pencil of Nature kilichoanza kutolewa mwaka 1844, alitia picha ya rafu zilizopangwa vyombo vya kauri. Sababu mojawapo ilikuwa mwanga. Kamera za wakati huo zilihitaji muda mrefu kuinasa picha; mtu hupepesa macho na kutikisika, lakini birika hutulia hata ukiliambia likae mpaka adhuhuri.

Talbot alikuwa na hoja nyingine inayowahusu sana watu wa Lamu. Alieleza kwamba mwizi akiviiba vyombo hivyo, picha yaweza kupelekwa mahakamani iwe shahidi, ingawa ni shahidi bubu. Kumbuka neno hilo, bubu. Picha yaweza kuthibitisha kwamba bakuli lilikuwapo. Haiwezi kueleza lilikuwa na maana gani kwa aliyelinunua.

Kwa hiyo tuligawana kazi. Binti alishika simu, kwa sababu yake ina kamera nzuri kuliko zetu. Mdogo wake alipewa daftari. Mke wangu alikuwa wa kuuliza, maana yeye ndiye mjukuu. Mimi nilishika shuka nyeupe ya kuweka nyuma ya vitu. Bibi alikaa kwenye kitanda cha kamba, akiamuru kama nahodha.

SAHANI ILIYOFUNULIWA MGONGO

Kitu cha kwanza kilikuwa sahani kubwa yenye maua ya rangi ya buluu na nyekundu. Bibi alisema ilitoka Uchina, na ilikuja na bibi yake alipoolewa. Alikumbuka ililiwa pilau mara moja tu kwa mwaka. Alionyesha ufa mdogo ukingoni, akasema ufa huo ulitokea siku ya mvua kubwa, dari ilipodondosha donge la chokaa, na kwamba bibi yake alilia kama aliyefiwa.

Binti alipiga picha ya mbele, kisha akaigeuza apige mgongo wake. Palikuwa na muhuri. Ulisomeka jina la mji: Maestricht, yaani mji unaoandikwa leo Maastricht, huko Uholanzi, ambako viwanda vya vyombo vya udongo vilistawi katika karne ya 19. Sahani ya Uchina ilikuwa Mholanzi!

Nilidhani Bibi ataudhika. Aliangua kicheko hadi akafuta macho. "Basi miaka yote nimemsifu Mchina bure," alisema. Lakini hakuiondolea sahani heshima yake, wala sisi hatukuiondolea. Tuliandika yote mawili: muhuri unavyosema, na Bibi anavyosema. Muhuri ulijua sahani imetengenezwa wapi. Haukujua habari za mvua wala machozi. Ndiyo sababu picha na maneno yafaa yaende pamoja. Kila moja humsahihisha mwenzake.

MBUZI ALIYELIKA UPANDE MMOJA

Kutoka jikoni shangazi alileta mbuzi. Nairobi ukisema mbuzi watu hufikiria nyama choma. Hapa nasema kile kibao cha kukunia nazi, chenye ulimi wa chuma na meno. Kilikuwa cheusi kwa mafuta ya miaka, na kiti chake kimebonyea kama mto uliolaliwa. Mjomba alisema kitu hicho hakina thamani, kitupwe, vipya vimejaa madukani.

Kijana wetu ndiye aliyeona jambo. Alipoikuza picha kwenye simu ya dada yake, alisema, "Mbona meno yameisha upande huu peke yake?" Sote tuliinama. Ni kweli. Upande wa kushoto meno yalikuwa yamelika karibu kuisha. Wa kulia yalikuwa makali.

Bibi aliombwa aeleze. Alinyamaza kidogo, kisha akasema mbuzi huyo alikuwa wa mavyaa wake, ambaye alikuwa wa shoto. Kula alilazimishwa tangu utotoni kutumia mkono wa kulia, lakini jikoni hakuna aliyemchunga. Hukohuko alikuna nazi kwa shoto. Bibi alipoingia nyumbani humo akiwa bibi harusi wa umri mdogo, alikaa kwenye mbuzi kama alivyofundishwa kwao, akakuna, nazi ikatoka mapande mapande. Alikemewa. Alilia usiku. Ilimchukua miezi kugundua kwamba kiti kimebonyea kumfuata mwenyewe, na kwamba ili nazi ikubali hana budi kugeuka na kukaa upande ule wa pili. Akageuka. Bintize nao walijifunza kwa kumtazama yeye, wakakaa hivyo hivyo.

Mke wangu aliziba mdomo kwa mkono. Tangu tuoane nimemwona akikuna nazi akiwa amegeukia kushoto, ilhali kuandika, kukata na kushona hutumia mkono wa kulia. Watoto humtania. Yeye mwenyewe hakujua sababu. Alisema ndivyo alivyoona kwa mamake. Sasa sababu imejulikana. Mwanamke aliyekufa kabla mke wangu hajazaliwa, ambaye hakuacha picha hata moja ya uso wake, yuko katika jikoni yetu ya Nairobi kila Jumapili tunapopika wali wa nazi.

Mjomba hakusema tena kitupwe.

KIDAKA KITUPU

Binti aliendelea kupiga picha za zidaka kimoja kimoja, kwa safu. Alipofika safu ya katikati alisita. Kidaka kimoja kikubwa, chenye nakshi nzuri kuliko vyote, hakikuwa na kitu. "Hiki nikiruke?" aliuliza.

Mke wangu alimgeukia Bibi. Watoto wote wa nyumba hiyo walikua wakijua habari ya kidaka hicho: palikuwa na bakuli la kale la rangi ya majani mabichi, paka akaruka usiku, likavunjika. Hata mjomba aliitikia, "Paka yule, naam."

Bibi alisema, "Hapakuwa na paka."

Akaeleza. Ilikuwa enzi za mtihani wa darasa la saba. Mwanawe wa tatu alifaulu na kuitwa shule ya sekondari ya bweni, mbali, bara. Mumewe alikuwa baharini na msimu ulikuwa mbaya. Karo, sare, sanduku na nauli, vyote vilitakiwa katika muda wa majuma mawili. Akaja mchuuzi wa vitu vya kale, mtu mpole mwenye maneno matamu, ambaye alikuwa akipita nyumba hadi nyumba. Bibi alimpa lile bakuli akiwa amelifunga katika leso. Alipewa fedha zilizotosha mwaka mmoja wa masomo. Kwa nini alimsingizia paka? "Mtoto akijua kitu kimeuzwa kwa ajili yake," alisema, "husoma akiwa na deni. Nilitaka asome akiwa na raha."

Mjomba amefundisha watoto wa watu kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti. Alitazama sakafu muda mrefu, kisha akatoka nje kwenye kiwanda, tukasikia maji ya birika yakimiminwa, akinawa uso.

Binti aliniuliza kwa macho. Nilitikisa kichwa kukubali. Akapiga picha ya kidaka kitupu, kwa uangalifu kuliko alivyopiga chochote siku ile.

Kuhusu wachuuzi, inafaa kila familia ya pwani ijue kwamba Kenya ina sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006. Kifaa kilichotengenezwa nchini au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na hakiruhusiwi kutolewa nje ya nchi bila kibali. Picha zilizopigwa vizuri, pamoja na tarehe, ni kinga. Hapo Talbot alisema kweli.

NAMNA YA KUZIPIGA

Huhitaji kamera ya bei ghali. Simu ya kawaida yatosha, ukizingatia mambo machache ambayo sisi tuliyaona yakifaa.

Kwanza, tumia mwanga wa dirisha au mlango, asubuhi au alasiri, ukitokea ubavuni mwa kitu. Mwanga wa ubavuni huonyesha mikwaruzo na mabonde. Zima taa ya kamera. Hung'arisha kauri na kuficha ufa. Simu iegemeze juu ya vitabu ili isitikisike.

Pili, usikisugue kitu kabla ya kukipiga. Masizi ya sufuria na mafuta ya mbuzi ni sehemu ya habari. Mahali pa nyuma pawe patulivu: shuka, mkeka au ukuta mtupu.

Tatu, kila kitu kipigwe picha tatu. Moja kikiwa mahali pake pa kawaida kabla hakijahamishwa. Moja ya karibu, mahali palipochakaa. Na moja ya mgongo au chini, penye muhuri au jina la fundi.

Nne, usiende kwenye kitu cha pili kabla hujaandika maneno ya kile cha kwanza. Andika jina kinaloitwa nyumbani kwenu, mwenyewe wa kwanza anayekumbukwa, alikipataje, na nani aliyesimulia, na tarehe. Mzee akikubali, mrekodi sauti. Asipokubali, heshimu. Yapo mambo ya nyumba ambayo ni ya nyumba.

Tano, zichapishwe kwenye karatasi. Simu huanguka majini, huibwa, hubadilishwa. Picha na maneno yake yakae katika bahasha moja, na nakala iwe kwa jamaa zaidi ya mmoja. Usizitangaze ovyo zikionyesha nyumba iko wapi na ndani mna nini.

SI LAMU PEKE YAKE

Huenda msomaji wa Umoja au Kariobangi akasema, "Sisi hatuna zidaka wala kauri." Hakuna nyumba isiyo na kitu. Cherehani iliyolipia karo ya watoto watano ipo. Kiondo ambacho mama alianza kukisuka akiwa mjamzito kipo. Upo mwiko, ipo redio ya betri ambayo mzee alisikilizia habari, lipo jembe lililobadilishwa mpini mara saba.

Baadhi ya familia zina kitu kizito zaidi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika nchini kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi, ambayo wengi waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Kikopo kile kikiwa bado kwenye sanduku la babu, kitoe mwangani. Kipige picha pale kamba ilipokwangua bati. Kisha muulize yeyote aliye hai, aliyemjua, alikuwa akisema nini alipokivua jioni.

UGAWAJI

Siku ya tatu Bibi aligawa. Sahani ya Mholanzi ilikwenda kwa shangazi mkubwa. Chetezo na mrashi vilikwenda kwa mdogo wake. Mbuzi tulipewa sisi, nasi tulisafiri naye hadi Nairobi akiwa amefungwa gunia, na wasafiri wenzetu wakituuliza tumebeba mguu wa nini. Kila mmoja aliahidiwa nakala za picha zote na maneno yake, ili vyombo vikitawanyika, habari zisitawanyike. Ndugu wangegombania chombo kimoja, lakini picha na hadithi yake hugawika bila kupungua.

Zamu ya mjomba ilipofika, Bibi alimwambia achague atakacho. Vilikuwa vimebaki vitu vizuri, pamoja na kiti cha enzi cha babake. Mjomba alisema hataki chombo. Alitaka picha moja tu, ile ya kidaka kitupu, tena ichapishwe kubwa, aitundike sebuleni kwake Malindi mahali ambapo wajukuu wake hufanyia kazi za shule.

Ndugu msomaji, kwenu yuko mzee anayejua kwa nini kitu fulani kimelika upande mmoja na kwa nini mahali fulani ni patupu. Mwendee likizo hii pamoja na watoto. Watoto washike kamera, wewe shika daftari, naye mpe nafasi aseme angali na ulimi.